Watoto wadogo, London, majira ya kuchipua, bila gari: jibu langu kwa mleta uzi

Dada mleta uzi, nimesoma swali lako mara mbili. Umefika Novemba kutoka Dar, una wa miaka mitano na wa miaka miwili, mnakaa ghorofa ya nne, watoto wamekaa ndani mpaka wameanza kubandua rangi ya ukuta. Sasa jua limeanza kutoka na unauliza uwapeleke wapi bila gari na bila kumaliza hela ya wiki, na mwisho ukauliza habari ya choo. Wadau hapo juu wamekutajia bustani ya wanyama na mabasi ya watalii. Sibishani nao. Ila mtu akishakata tiketi ya bei ile atataka aone kila kitu ili hela irudi, na ukiwa na mtoto wa miaka miwili huoni kila kitu. Unaona kimoja, anakula, analala, mnarudi.

Mimi ni baba wa watatu, mtu wa Tanga, huu mwaka wa 11 niko mashariki ya London. Mke wangu ni muuguzi, wikendi nyingi yuko zamu, kwa hiyo kuzunguka na watoto ni kazi yangu. Karibu yote ninayokuandikia hapa nimeyajua baada ya kuyakosea.

Tuanze na jua. Jua la hapa mwezi wa 4 ni la kutazama tu. Unaliona dirishani limewaka kama la Chumbageni, kwetu Tanga, saa nane mchana, unamvisha mtoto fulana na sandozi, mkifika kona ya kwanza upepo unawapiga mpaka anakuuliza kama mmeshafika ili mrudi. Na usiwaige Waingereza, wale wakiona nyuzi 14 wanavaa kaptula. Tazama utabiri, tena sehemu ya upepo. Mvike fulana, sweta jepesi, juu yake koti la mvua lenye kofia; akitoka jasho unavua moja. Miguuni gambuti, hata kama haijanyesha siku tatu, maana ardhi ya misituni inabaki na maji ya majira ya baridi mpaka Mei. Usinunue mpya. Yale maduka ya hisani mitaani ni mitumba yetu ile ile, imepangwa vizuri tu. Nilinunua gambuti za mkubwa kwa pauni 3, akaja akavaa wa kati, na sasa zinamsubiri kitindamimba.

Pa kuanzia, nakushauri Mudchute. Ni shamba la wanyama katikati ya jiji, pale Isle of Dogs, mashariki ya London, kiingilio bure, ukubwa wake ekari 32, na nyuma ya kondoo unayaona maghorofa ya mabenki ya Canary Wharf. Mlima wake ni tope. Walipochimba bandari ya Millwall miaka ya 1860 na baadaye kuliondoa tope lililokuwa likijaa ndani yake, walilimwaga pale, likarundikana, likaota nyasi, na jina likabaki hilo hilo. Kuna na mzinga wa zamani wa kutungulia ndege, wa wakati wa vita kuu ya pili, na wanangu wa kiume wangeweza kukaa hapo siku nzima.

Na kwa mtoto wa miaka miwili safari yenyewe ni nusu ya starehe. Treni za DLR, ile reli nyepesi ya mashariki ya London inayofika pale, hazina chumba cha dereva, kwa hiyo kiti cha mbele kabisa ni cha abiria. Subirini treni ya pili ikibidi, lakini kipateni. Wangu akikaa pale anaendesha kuanzia Stratford, anapiga honi kwa mdomo kila kituo, na abiria wenye suti wanajifanya hawasikii.

Majira haya kuna wanakondoo. Mwaka jana mkubwa wangu alimtazama mmoja muda mrefu, mikono kwenye uzio, halafu akauliza kwa sauti ya kutosha mtaa mzima: "Baba, huyu ndiye wa kuchinja Idi?" Nikashukuru kwamba Kiswahili hakieleweki pale. Nyuma yangu mama mmoja wa Mombasa akajibu, "Huyo bado hajatimia, mwanangu," akacheka mpaka akashika uzio. Ndiyo tumefahamiana hivyo, watoto wetu sasa wanacheza pamoja.

Mambo mawili ya shamba usiyapuuze. Mkishagusa wanyama, mikono ioshwe kwa sabuni na maji ya bomba kabla ya kutia kitu mdomoni. Ile jeli ya mfukoni haitoshi, kuna vijidudu vya kuharisha vya mifugo ambavyo haiviui. La pili, kama una mimba, kaa mbali na kondoo wanaozaa na wanakondoo wachanga. Si ushamba wala imani, ndivyo wanavyoshauri watu wa afya hapa, kwa sababu kuna maambukizi ya kondoo yanayoweza kudhuru mimba.

Sasa Southend, mji wa pwani mashariki ya London. Mtu mmoja hapo juu amekuandikia "mpeleke beach, kwisha habari". Ngoja nikusimulie.

Mwaka ule nilikuwa na watoto wawili tu, mkubwa ana miaka minne. Nikasema mimi mtoto wa Raskazone, pwani ya Tanga, nitashindwaje na bahari? Tukapanda treni Stratford mpaka Southend Victoria, mwendo wa kama saa moja, ndoo na sepeto za plastiki mkononi, viazi karai kwenye kontena. Nilikuwa nimeangalia ratiba ya treni, nimeangalia mvua, nimeangalia mpaka bei ya chipsi. Tukashuka kilima, tukatokea ufukweni, na bahari haipo. Tope la kijivu mpaka macho yanapoishia, mashua zimelalia ubavu, na ndege wanatembea pale ambapo mimi nilitegemea wanangu waogelee.

Babu yangu alikuwa anatega samaki kwa dema. Alfajiri, hata chai hajagusa, alishajua maji yanakupwa saa ngapi na yatajaa saa ngapi. Mjukuu wake amevuka mabara, ana simu yenye kila kitu, na hakuuliza maji! Hata lile gati lao maarufu, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2 kuingia baharini, lilirefushwa vile kwa sababu hii hii: maji yakipwa, meli hazikuweza kusogea karibu na mji.

Nikawaambia watoto tutafute kaa. Mkubwa akatangulia, hatua ya kwanza sawa, ya tano sawa, kwenye ya kumi hivi tope likamshika. Akavuta mguu, mguu ukatoka, gambuti likabaki. Akasimama kwa mguu mmoja kama korongo, soksi ya njano inadondosha tope, ananiangalia bila kulia bado. Nikamkimbilia. Uzito wangu si wake, nikazama mpaka chini kidogo ya magoti. Bibi mmoja wa Kiingereza aliyekuwa na mbwa akapiga kelele kutoka kwenye mchanga: usivute juu, tikisa kisigino kwanza, hewa iingie! Nikatikisa, nikachomoka, nikambeba mtoto, nikarudia gambuti lake kwa mkono. Kiatu changu kimoja hakijaonekana mpaka leo.

Nguo za akiba za watoto nilibeba seti mbili. Zangu sikubeba. Nilirudi London kwa treni, suruali imekauka tope ikawa kama plasta, mguu mmoja una kiatu na mwingine una mfuko wa rambo, na behewa lilikuwa limejaa lakini viti vinne vya kutuzunguka vilikaa vitupu mpaka Stratford.

Southend bado tunaenda, tena kila mwaka. Tofauti ni kwamba natazama jedwali la maji kwanza, nafika kama masaa mawili kabla hayajajaa, watoto wanacheza kwenye mchanga maji yakiwafuata wenyewe. Maji yakishakupwa, hatuyafuati huko mbali. Kwenye tambarare lile, yanaporudi yanarudi mbio. Kuogelea mwezi wa 4 sahau, maji yanauma mifupa. Na suruali ya baba imo kwenye begi.

Kama unataka kitu cha karibu na cha bure kabisa, subiri nusu ya pili ya Aprili mwende Wanstead Park, kile kisitu wanachokiita Chalet Wood. Ni kwa wiki chache tu: chini ya miti kunatandikwa maua ya buluu, bluebell, mpaka unaona kama moshi umekaa ardhini. Njia zimewekewa magogo pembeni, na watoto wanapenda kutembea juu ya magogo kama kamba. Waambie wasitoke njiani. Maua yale yakikanyagwa yanachukua miaka kurudi, na kung'oa mimea yake ni kosa kwa sheria ya mwaka 1981. Wa miaka miwili mwangalie asiyatie mdomoni, yana sumu. Picha pigeni mkiwa njiani; kila mwaka namkuta mtu amemlaza mtoto katikati ya maua ili apate picha ya kurusha nyumbani, na maua ya pale alipolazwa yanabaki yamepondeka.

Epping Forest nayo nzuri, mnashuka Chingford, mnatembea mpaka ziwa la Connaught Water kuona mabata. Kigari cha mtoto kinapita kuzunguka ziwa. Ukiingia ndani msituni kigari ni mzigo, mbebe mdogo kwa mbeleko. Mimi nambeba mgongoni kwa kanga ya mke wangu, na nimeshazoea kutazamwa. Bustani ya Richmond yenye kulungu ni mbali kwetu huku mashariki, lakini mkienda kaeni mita 50 kutoka kwao, kuanzia Mei wanazaa na mama zao ni wakali.

Porini na kwenye nyasi ndefu kuna kupe. Wadogo mno, si kama wale wa ng'ombe tuliowazoea. Jioni wakati wa kuoga mkague mtoto nyuma ya magoti, kwenye kinena, kwapani na kando ya nywele. Ukimkuta, mkamate kwa kibanio chembamba karibu kabisa na ngozi, mvute juu taratibu bila kuzungusha. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma. Wengi hawana neno, ila wengine wanabeba ugonjwa wa Lyme. Ukiona upele unatanuka pale alipouma, mara nyingi ndani ya wiki moja mpaka nne, nenda kwa daktari useme ameumwa na kupe. Kwenye ngozi yetu upele ule hauonekani wazi kama kwenye picha zao, kwa hiyo angalia kwa makini.

Na jambo ambalo hujauliza: vitamini D. Ngozi nyeusi kwenye jua dogo la huku haitengenezi ya kutosha. Hapa wanashauri watoto wa mwaka mmoja mpaka minne wapewe mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima, na sisi wenye asili ya Afrika tufikirie kumeza mwaka mzima pia, si baridi tu. Upungufu wake kwa mtoto ndio unaoleta matege. Nje watoke, na matone wapewe.

Nauli isikutishe. Mtoto wa chini ya miaka 11 anapanda bure akiwa na mtu mzima aliyelipa, hadi watoto wanne, kwenye treni za chini ya ardhi, DLR, Overground na Elizabeth line. Mabasi bure vilevile. Treni za kampuni nyingine kama za Southend zina utaratibu wake, walio chini ya miaka 5 ndio bure. Angalia njia kabla hujatoka, kwa sababu wikendi na sikukuu, Pasaka hasa, ndipo wanapofunga reli kufanya matengenezo. Toka saa tatu asubuhi, saa saba mchana muwe mnaelekea nyumbani. Ukingoja mtoto achoke ndipo urudi, umechelewa.

Chakula, beba. Chapati iliyoviringishwa na yai haimwagiki, haihitaji uma, na mtoto anaila akiwa kwenye kigari. Chai kwenye chupa, ya kwako. Maandazi machache zaidi ya mnayoyahitaji, maana mtoto mwingine atakuja kusimama mbele yenu.

Haya, choo. Stesheni kubwa siku hizi ni bure, na shambani Mudchute kipo. Msituni hakuna, na mtoto wa miaka miwili akisema mkojo ana maana sasa hivi. Nunua poti ndogo ya plastiki, itie ndani ya mfuko wa rambo mweusi, ifunge chini ya kigari. Ndani yake weka karatasi, chupa ya maji ya kusafishia na suruali mbili. Mara ya kwanza unaitoa hadharani utaona aibu. Mara ya pili kuna mama mwingine atakuja kukuomba.