Napenda tatuu za wageni, mke wangu amenuna

*Shikamoo Bibi. Mie ni fundi wa nakshi, nachonga milango na masanduku. Kila nikipeleka kazi Nungwi, macho yananiganda kwenye tatuu za wageni. Mistari ile, vivuli vile! Kuchorwa mwenyewe sitaki, si leo si kesho, dini yangu naijua. Lakini mke wangu amekuta picha zaidi ya mia kwenye simu, siku ya nne hii hasemi nami. Na rafiki yangu mchora tatuu anataka kunichora bure, iwe ndiyo malipo ya sanduku nililomchongea. Nifanyeje?*
*Fundi, Mwembetanga*

Marahaba, mwanangu.

Nakuamini. Fundi hapiti mbele ya kazi ya fundi mwenziwe kama kipofu. Wewe patasi ikikuteleza kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, unalo la kufanya: utachimba zaidi, nakshi ya mnyororo utaigeuza jani. Yule mchora tatuu sindano yake inatia wino chini ya ngozi ya juu, pale pasipobanduka, na ubao wake unapumua, unashtuka, unatoka jasho. Akikosea, kosa linavaa shati na kwenda zake uwanja wa ndege. Mie nimepaka hina maharusi miaka mingi. Ikienda kombo, wiki mbili tatu imeshapauka, na bibi arusi ameshasahau.

Utotoni tulikuwa na jirani, bibi wa Kimakonde, uso umechanjwa nembo toka paji hadi kidevu, mistari ya kwenda na kurudi iliyotiwa masizi. Tulikuwa tukimkodolea macho barazani kwake mpaka atufukuze na ufagio. Hakuna hata mmoja wetu aliyerudi kwao akataka achanjwe.

Sasa hizo picha. Mia na zaidi? Mlango ukiutazama hauoni haya. Mgongo una mwenyewe. Hukuniambia kama uliwaomba ruhusa, nami nashuku hukuomba. Wala hukuniambia tatuu zenyewe zimekaa wapi, begani au pajani. Mkeo hakununia wino. Ameona mapaja ya wanawake wa watu kwenye simu ya mumewe, nawe unamsomea habari za vivuli! Ningekuwa mie, siku nne zingekuwa chache.

Zile ulizopiga kwa kificho zifute, mbele yake. Mistari ukitaka kuisoma, zipo kazi ambazo mafundi wenyewe wamezitoa watu wazione: za Kijapani zenye mawimbi na samaki, na za visiwa vya Polinesia, huko kwenye neno *tatau* lililozaa hili tatuu letu. Kaa na mkeo mzitazame pamoja. Muulize magamba ya yule samaki na yale unayochonga wewe chini ya mlango, yepi yamekaa vizuri. Akikwambia ya Mjapani, nyamaza.

Rafiki yako anakupa kilicho bora kwake, usimvunje moyo. Ila kazi ina ujira. Mwambie hivi: "Mkono wako naupenda, ngozi yangu haimo kwenye biashara." Akisema basi muanze na piko, kataa na hiyo, ile rangi nyeusi ni ya nywele, si hina, na wageni wangapi imewatoa malengelenge. Kama fedha hana, akuchoree ruwaza kwenye karatasi, uichonge kwenye kifuniko cha sanduku jengine. Karatasi iwe nzito kidogo, isichanike ukiifuatisha na kalamu.