Sadaka za mtandaoni zinapita kwa nani?

Nimekuwa mweka hazina wa kituo cha watoto hapa Mombasa kwa miaka saba, kwa hivyo maswali ya wiki hii yamenigusa penyewe.

Kampuni moja inataka kutuwekea kitufe cha kuchangia kwenye tovuti yetu. Wana ofisi nzuri Nairobi na tovuti inayong'ara. Tutajuaje kama ni wa kuaminika? (Katibu wa kikundi cha wajane, Kilifi)

Ofisi hukodishwa, dada katibu, na tovuti ya kung'ara siku hizi hata kijana wa sekondari anatengeneza. Anza na Benki Kuu ya Kenya. Tangu Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya 2011, anayepokea na kupitisha pesa za watu sharti awe na leseni, na orodha ya walio nayo iko kwenye tovuti ya benki hiyo. Tafuta jina lililoandikwa kwenye mkataba, si lile la kwenye nembo. Mara nyingi ni majina mawili.

Na ukubwa wa jina usikulevye. Julai 2022 Benki Kuu iliagiza mabenki yasishughulike na Flutterwave na Chipper Cash kwa kuwa hazikuwa na leseni hapa, na hizo ni kampuni za kupitisha malipo zinazojulikana Afrika nzima. Mwezi huohuo mahakama ilizuia akaunti kadhaa za Flutterwave. Kesi zilikuja kuondolewa, lakini pesa ilikuwa imeshakaa miezi bila kuguswa. Ulaya nako hawakusalimika: Wirecard, kampuni ya malipo ya Ujerumani, ilipoanguka Juni 2020, euro bilioni 1.9 zikiwa hazionekani, watu wa Uingereza wenye kadi zilizopitia tawi lake walikaa siku kadhaa bila kuzigusa pesa zao.

Kwa hivyo swali ninalouliza kwanza ni hili: pesa yetu italala kwenu siku ngapi? Huduma ya malipo ni kama feri ya Likoni, kazi yake kukuvusha, si kukuwekea mzigo. Nataka iandikwe kwenye mkataba pesa inaingia lini benki, kwenye akaunti yenye jina la shirika. Mimi huhakiki salio letu lililobaki kwao kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Likibaki kubwa, napiga simu siku hiyohiyo.

Mwenyekiti wetu anasema tutumie laini yake ya M-Pesa, ni rahisi na watu wanamwamini. (Mwanachama, Malindi)

Hapana. Sisemi mwenyekiti ni mwizi. Nasema laini ya mtu ni mali ya mtu: akifariki leo, pesa ya yatima inaingia kwenye mirathi yake. Halafu akaunti ya mtu binafsi haishiki zaidi ya shilingi 500,000, na siku ya harambee mnaweza kufika hapo kabla ya chakula cha mchana. Chukueni Paybill, yaani namba ya M-Pesa ya kupokelea malipo ya shirika, kwa cheti cha usajili wa kikundi. Mchangiaji ataona jina la kikundi kabla ya kuthibitisha, na kwenye sehemu ya namba ya akaunti ataandika "karo" au "kisima", jambo litakalowaokoa wakati wa hesabu. Ruhusa ya kutoa pesa iwe kwa watu wawili, mmoja aanzishe na mwingine aidhinishe.

Usiku mmoja tulipata michango zaidi ya arobaini ya dola moja moja, kila mmoja kwa kadi tofauti. Tushukuru? (Meneja wa maktaba ya jamii, Lamu)

Nami nilishukuru, zamani. Niliamka alfajiri nikakuta simu imejaa arifa: dola 1, dola 1, dola 1, zimepishana sekunde chache, majina kama yametungwa kwa kufumba macho, na katikati kadi nyingi zilizokataliwa. Nikamwita mke wangu aje aone baraka.

Haikuwa baraka. Wezi wa kadi hupenda kurasa za misaada kwa sababu hakuna bidhaa ya kupeleka wala anwani ya kuhakiki. Wanajaribu ipi iko hai, kisha wanakwenda kununua vitu vya maana kwingine. Wenye kadi wakigundua wanalalamika benki zao, na hata baada ya miezi mitatu pesa inaweza kunyofolewa kwenu pamoja na faini kwa kila lalamiko. Faini hushinda hiyo dola yenyewe.

Rudisheni pesa zote leo, msingoje. Wekeni kiwango cha chini, tuseme dola 5, na muiagize kampuni iwashe uthibitisho wa namba ya siri inayotumwa kwa simu ya mwenye kadi. Huduma niliyokuwa nayo ilinijibu baada ya siku tisa. Niliihama. Jinsi wanavyojibu siku ya balaa ndiyo sifa ninayoipima kuliko zote, na unaweza kuipima kabla ya kusaini: watumie swali gumu Jumamosi usiku, uone.

Ada ya asilimia 3.5 ni nyingi? (Kwale)

Kwa mchango wa shilingi 1,000 ni shilingi 35. Si hiyo inayoniumiza. Angalia kiwango wanachobadilishia dola, ukilinganishe na cha Benki Kuu siku hiyo. Hapo ndipo panapovuja.

Ndugu zetu walioko Marekani wanataka risiti ya kupunguziwa kodi. Tunaweza kuwapa? (Mweka hazina mwenzako, Voi)

Risiti mnaweza, punguzo hapana. Hilo linatoka kwa shirika lililotambuliwa huko, ndiyo maana wengi hupitia GlobalGiving, shirika la hisani la Marekani lililoanza 2002, ambalo huchunguza wanaoomba kisha hupitisha michango. Watataka katiba, cheti cha usajili na hesabu zenu za nyuma. Zikiwa bado kwenye daftari la mwenyekiti, anza kuzipiga chapa usiku huu.