Kijerumani cha Daftarini Hakitoki Mdomoni

SWALI: Shikamoo Bi Mwalimu. Nilisoma Kijerumani sekondari miaka minne na kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nikapata B+. Der, die na das nazijua, vitenzi nanyambua, hata barua naandika. Tangu Januari nimo mapokezi katika hoteli moja huku Bamburi. Mgeni Mjerumani akinisemesha nasikia mvumo tu, na jibu likija kunijia, yeye keshahamia Kiingereza. Vijana wanaouza vinyago ufuoni, ambao hawakukaa darasani hata siku moja, wanaongea nao huku wanacheka. Je, miaka minne imepotea bure? Nianze upya?
Ulimi Mzito, Bamburi

JIBU: Marahaba mwanangu. Haikupotea hata siku moja, na kuanza upya usianze. Miaka yote hiyo kilichosoma ni macho yako na mkono wako. Mdomo na masikio hayakupewa kazi, nawe sasa unayadai mshahara.

Nayasema niliyoyapitia. Mwaka 1984 niliajiriwa kusafisha vyumba katika hoteli moja Diani. Nilikuwa nikikaa Kuze, kisiwani Mombasa, na Kijerumani nilijisomea mwenyewe kwa kitabu kisicho na jalada alichokiacha mgeni. Nilikuwa na daftari limejaa maneno. Siku ya tatu kazini, bibi mmoja mtu mzima akatoka bafuni nywele zinachuruzika maji, akaniambia neno moja. Mimi nikasikia “hantukh”. Nikamletea sabuni. Akatikisa kichwa, akarudia. Nikamshushia chandarua. Basi akainua viganja viwili, akajipangusa uso hivi, kama mtu anayemaliza dua, ndipo nikaelewa kwamba anataka taulo. *Handtuch*. Mwanangu, neno hilo nilikuwa nimeliandika mara ishirini! *Hand* mkono, *Tuch* kitambaa. Lakini kimoyomoyo nilikuwa nikilisoma “handi-tuchi”, na sikio langu halijawahi kukutana nalo. Yule bibi hakukasirika. Alinishika bega, akalisema polepole, nami nikalirudia mpaka likatoka sawa. Ndilo neno langu la kwanza la Kijerumani, mengine yote yalikuwa wino.

Jioni ile pale Likoni feri ilichelewa, kama kawaida yake. Nikajitanda leso mpaka puani, nikaanza kusema humo ndani kwa sauti: *Die Fähre kommt.* Feri inakuja. *Die Fähre kommt nicht.* Haiji. Kisha nikajitia kwenye ile sentensi iliyokuwa ikinishinda kila siku: *Ich warte, weil die Fähre nicht kommt.* Nangoja kwa sababu feri haiji. Unaijua kanuni yake, kwamba baada ya *weil* kitenzi kinatupwa mwisho. Hata mimi niliijua. Lakini kuijua kanuni ni jambo moja, na ulimi kuifuata bila kuulizwa ni jingine. Niliisema sentensi ile jioni hadi jioni karibu mwezi mzima, na feri ilinipa nafasi tele. Ikafika siku *kommt* ikawa inaenda mwisho yenyewe. Watu wa kivukoni walidhani nasoma uradi.

Kwa hiyo wewe usirudi kwenye kitabu cha kidato cha kwanza. Anza na kaunta yako. Wageni wa mapokezi huuliza mambo yale yale: ufunguo, kiamshakinywa saa ngapi, maji moto hayatoki, tuktuk ya kwenda mjini ni pesa ngapi. Kila siku chukua swali moja ulilolisikia, liandike vile ulivyolisikia hata kama umelikosea, kisha tafuta lilivyo. Usiku liseme kwa sauti, sehemu ya mgeni na sehemu yako, mpaka jibu litoke kabla hujalifikiria. Jirekodi kwenye simu ujisikilize. Najua inaudhi kusikia sauti yako mwenyewe. Vumilia, maana hapo ndipo utakaposikia kwamba *Wasser* unaisema kwa “w” yetu, na Mjerumani huisema “vasa”. *Vater* kwake ni “fata”, *Zimmer* ni “tsima”. Ile “ch” ya *Buch* na *acht* unayo tangu utotoni, ni “kh” ya Khamis. Ya *ich* ni nyingine: weka ulimi kama unayetaka kusema “yi”, kisha pumzi itoke tupu bila sauti.

Na namba, mwanangu, kwa sababu mtu wa mapokezi akikosea namba atampa mgeni ufunguo wa chumba cha watu. Mjerumani huanza na mamoja: 24 ni *vierundzwanzig*, nne na ishirini. Wanafunzi wengi huihangaikia hiyo, wakampeleka mgeni 42. Lakini kama ulikwenda chuo cha Kurani utotoni, ulihesabu kwa Kiarabu *khamsa wa ishirini*, tano na ishirini, kabla hujajua kufunga viatu. Ni njia ile ile, mamoja mbele, makumi nyuma. Pitia huko.

Sasa hilo la mgeni kuhamia Kiingereza. Si dharau, anakuonea huruma. Mwahi. Mara tu unapomsikia anaanza, mwambie: *Bitte langsam. Ich lerne Deutsch und möchte üben.* Polepole tafadhali, najifunza Kijerumani na nataka kufanya mazoezi. Sentensi hii ihifadhi kama jina lako. Katika miaka yangu yote ya hotelini sikumbuki mgeni aliyeambiwa hivyo akakataa, hasa wazee, ambao wana muda na wanapenda kufundisha.

Vijana wa vinyago usiwaonee wivu wala usiwadharau. Wao walianzia mdomoni, wewe ulianzia daftarini. Wengi wao humwita kila mtu *du*, ile “wewe” ya marafiki, na kwenye mchanga huko haina neno, lakini wewe ukimwita *du* mzee wa miaka sabini aliyekuja kaunta na malalamiko, umemkosea adabu. Wewe *Sie*, ile ya heshima, unayo. Mtafute mmoja wao siku ya mapumziko, mkae mzungumze Kijerumani kitupu. Atakupa kasi, nawe utampa mpangilio.

Na ukikata tamaa, siku moja nenda upande wa Nyali ulitazame kaburi la mke wa Krapf. Ludwig Krapf alikuwa mmisionari wa Kijerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka ule ule akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Hakuwa na kamusi ya Kiswahili ya kufungua kama wewe unavyofungua simu. Alibaki na watu wa mwambao huu, akauliza, akaandika, na kamusi aliyoikusanya ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Mjerumani yule aliwaendea wenye lugha kwao. Wewe wenye lugha wanakuja na masanduku mpaka mbele ya kaunta yako.

SWALI: Mwalimu, mwanangu yuko darasa la nne. Shuleni kwao mtoto akisema Kiswahili huvishwa kibao shingoni, wanakiita diski, mpaka amnase mwenzake amvishe. Mwalimu wa darasa ameniambia hata nyumbani tuache Kiswahili ili Kiingereza kikolee. Mimi na babake Kiingereza chetu ni cha kubabaisha. Tufanyeje?
Mama Wawili, Majengo

JIBU: Msikiache Kiswahili, dada yangu. Hata siku moja.

Hili linaniuma na sitalificha. Mimi pia nilivaa kile kibao. Kilikuwa kipande cha mbao chenye kamba ya katani, na ile kamba ilikuwa ikinichoma shingoni kwa jasho. Sikujifunza Kiingereza hata neno moja kwa ajili yake. Nilichojifunza ni kunyamaza. Wakati wa mapumziko nilikuwa nikikaa kimya chini ya mwarobaini, kwa sababu asiyesema hanaswi. Na mtoto anayenyamaza hawezi kujifunza lugha yoyote ile, maana lugha huingia kwa kukosea mbele ya watu wasiokutisha. Kisha tazama anavyofundishwa kumvizia mwenzake! Hayo ni malezi gani?

Nenda kwa mwalimu wa darasa kwa upole, usiende na hasira. Mkumbushe kwamba kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kwa hiyo mtoto anayekisema hana kosa la kuvishwa alama. Mwombe badala ya kibao wawe na saa ya michezo ya Kiingereza, wakiimba na kuigiza, anayekosea asaidiwe. Kama hakusikii, tafuta wazazi wenzako mwende kwa mwalimu mkuu pamoja. Mzazi mmoja hupuuzwa, wanane hukaribishwa viti.

Nyumbani semeni Kiswahili chenu kizuri, kilichonyooka. Kiingereza cha kubabaisha msimpe, atakipokea vile vile kilivyo. Mtolee hadithi usiku, mtegee vitendawili, muulize kwa nini Sungura alifanya vile. Mtoto aliyezoea kueleza sababu kwa lugha yake, ukimpa lugha nyingine anatafuta maneno tu, kwani fikra anazo tayari. Kesho yake akirudi shule mwambie akusimulie hadithi ile ile kwa Kiingereza, awe yeye ndiye mwalimu na wewe mwanafunzi. Utamwona anavyonyoosha mgongo.

SWALI: Naendesha tuktuk hapa mjini, lakini mwezi ujao nahamia Malindi. Naambiwa kule Waitaliano ni wengi. Nitaweza Kiitaliano, nami niliishia darasa la saba?
Dereva, Mwembe Tayari

JIBU: Utakiweza, ndugu yangu, tena pengine upesi kuliko unavyodhani. Irabu zao ni kama zetu, na karibu kila neno lao linaishia kwa irabu, kwa hiyo mdomo wa Mswahili hauteseki. Kitu kimoja tu ukichunge: konsonanti mbili zikifuatana, kaza, usizipite haraka. *Nono* ni wa tisa, *nonno* ni babu. Sema “non” ukawie kidogo, kisha “no”.

Kabla ya kuhama jua namba mpaka mia, kwa ajili ya nauli, na maneno matatu ya barabarani: *destra* kulia, *sinistra* kushoto, *dritto* moja kwa moja. Kuanzia leo kila unapokata kona na abiria yeyote, litamke neno lake. Kutoka Mwembe Tayari hadi Feri tu zitakuwa zimeshafika kona za kutosha.