Msikimbilie RSA ya biti 4096

Ndugu, umeuliza kama ofisi yenu ya mawakili hapa Kampala, yenye seva yake ya Postfix (programu ya kupokea na kutuma barua pepe) na funguo za PGP (usimbaji wa barua zenyewe) za RSA, njia ya zamani ya usimbaji, ya biti 2048, ihamie biti 4096. Hapana. Kompyuta ya kwanta yenye uwezo wa kutosha itaivunja RSA kwa algorithimu ya Shor, hesabu ya kwanta inayofichua ufunguo wa siri, na biti zaidi hazitaichelewesha sana. Cha kuogopa leo ni mtu anayenasa barua sasa na kuziweka hadi siku hiyo. Kesi ya ardhi ya mailo (mfumo wa umiliki wa ardhi wa Uganda) huweza kudumu miaka 20, kwa hiyo anzeni mapema.

Anzeni na seva. Sakinisheni OpenSSL 3.5, maktaba ya usimbaji yenye ML-KEM, njia ya kubadilishana funguo iliyobuniwa kuhimili kompyuta ya kwanta (kiwango cha FIPS 203, Agosti 2024), na Postfix 3.10 iliyojengwa juu yake. Pimeni kwa `openssl s_client -starttls smtp -connect seva:25`, mtafute X25519MLKEM768 (ML-KEM pamoja na X25519, njia ya kawaida) kwenye majibu. X25519 peke yake ibaki kwenye orodha ya njia seva inazokubali, maana seva nyingi bado hazijahama.

Muunganisho ukikwama mwanzoni kabisa, shukuni faiwoli: ufunguo wa ML-KEM-768 una baiti 1184, hivyo salamu ya kwanza ya TLS (usimbaji wa barua zikiwa njiani kati ya seva) hugawanyika pakiti mbili, na vifaa vikuukuu huitupa.

TLS hailindi barua ikishatua. Kwa nyaraka nyeti tumieni GnuPG 2.5, programu ya PGP inayounganisha Kyber (jina la awali la ML-KEM) na ufunguo wa kawaida; mteja naye awe nayo. Funguo za RSA za zamani msizifute, la sivyo barua za nyuma hazitafunguka tena.