Kabla ya Kuandika Habari za Mtu Uliyekutana Naye Kituoni

Nimejitolea katika kituo cha jamii ya LGBTQ, yaani wapenzi wa jinsia moja, waliobadili jinsia na wenzao, kwa miaka sita: miwili ya mwanzo nikipokea simu na kukaribisha wageni mlangoni, na minne iliyofuata nikiandika makala za jarida dogo la kituo. Ningependa kila anayefikiria kutoa msaada wa aina hii ajue mapema kwamba mtu anayeingia pale anakukabidhi siri yake, na siri hiyo haiwi mali yako kwa sababu tu amekusimulia kwa hiari.

Hilo nilijifunza kwa kosa langu mwenyewe. Nilipoanza kuandika, dada mmoja alinieleza jinsi alivyofukuzwa nyumbani na jinsi alivyoyaanza maisha upya, nami nikaandika kisa chake kwa moyo wote. Jina nilibadilisha, lakini niliacha ndani ya makala kwamba ni fundi cherehani na kwamba ana pacha wake wa kiume. Binamu yake aliisoma makala na kumtambua kabla hajafika katikati. Jioni moja dada yule alikuja kituoni na jarida lile likiwa limekunjwa mara nne, akalifungua juu ya meza, akaweka kidole kwenye mstari uliomtaja pacha, akaniambia, “Jina umelificha, lakini mimi umeniacha wazi.” Hakupandisha sauti. Kwa miezi mingi hakuonekana tena, na kituo kile ndicho kilichokuwa mahali pake pekee pa kupumzika.

Tangu hapo naomba ruhusa mara mbili. Ya kwanza ni kabla ya mazungumzo, ninapoeleza nani atasoma, makala itakaa wapi, na kwamba kikishawekwa kwenye intaneti kitu hakirudishwi chote. Ya pili, ambayo ndiyo ngumu zaidi, huja rasimu inapokamilika: nakaa na mwenyewe, namsomea neno kwa neno, kisha namuuliza swali moja, “Ndugu yako akisoma hapa, atakujua?” Mara nyingi hunyamaza kidogo, halafu hutaja jambo ambalo mimi nisingeliwaza kamwe, kama vile methali anayopenda kuitumia au mwaka aliohama. Jambo hilo huondoka, hata kama ndilo lililoipamba aya.

Maneno nayo yanahitaji uangalifu. Neno shoga, ambalo wanawake huitana kwa urafiki, limegeuzwa kuwa tusi kwa wengi, ingawa wapo walioamua kulichukua na kujiita hivyo bila haya. Mwandishi hana haki ya kuwachagulia. Muulize mtu anajiitaje, ukaandike hivyo hivyo, na kwa mtu aliyebadili jinsia tumia jina analolitumia sasa, hata katika sehemu zinazoeleza utoto wake.

Kuhusu picha nitasema kwa ufupi: usipige ukumbini wakati wa mkutano, na kumbuka kwamba simu nyingi huhifadhi ndani ya picha taarifa za mahali ilipopigwa.

Nimegundua pia kwamba ruhusa huvunjika zaidi wakati wa haraka. Kila Mei 17, siku ya kupinga chuki dhidi ya watu wa LGBTQ, inayokumbuka uamuzi wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1990 wa kuondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya magonjwa, vituo huhitaji makala nyingi kwa mkupuo, na vivyo hivyo Novemba 20, siku ya kuwakumbuka watu waliobadili jinsia waliouawa. Anza kukusanya visa wiki sita kabla, ili asiwepo mtu wa kukubali kwa sababu tu anakuonea huruma.

Si kila maandishi ya kituo ni ya kuchapishwa. Kwenye huduma ya simu ya mashoga na wasagaji iliyoanzishwa London mwaka 1974, waliojitolea walikuwa wakiandikiana kwenye madaftari ya zamu, na madaftari hayo leo yanaonyesha jinsi watu wa kawaida walivyoupokea Ukimwi ulipoingia. Kwa hiyo usilidharau daftari la zamu. Mwandishi mzuri anaweza kukifaa kituo zaidi kwa kuliandika vizuri, bila majina, kuliko kwa makala kumi. Nawe uliyechukua zamu ya Alhamisi, ije mvua lije jua, fika Alhamisi, kwa kuwa mtu aliyekusanya ujasiri wiki nzima akikuta mlango umefungwa huenda asijaribu tena.

Na mwenye kisa akibadili mawazo baada ya makala kutoka, iondoe siku hiyo hiyo bila kumtaka aeleze sababu. Nimeshaondoa tatu, mojawapo ikiwa ndiyo niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kuandika.