Asante Haikulipa Pango

Machi 2025, siku chache baada ya kutangazwa kwamba ugonjwa wa Marburg umekwisha kule Biharamulo, dada mmoja wa Kagera aliniandikia. Ana shule ndogo ya Montessori, ile ambayo mtoto hujifunza kwa kazi za mikono na vifaa, yenye watoto 38. Ugonjwa haukufika kwao, ila hofu ilifika. Watoto 9 walikuwa bado wamefichwa nyumbani, na ada za waliobaki zilikuwa zikija kwa matone. "Dada, nasikia ninyi Arusha mlivuka corona na shule haikufa. Mlifanyaje?"

Nikamjibu palepale, na majigambo kidogo: kwa kushukuru. Tulivuka kwa kushukuru, mdogo wangu. Kisha nikabaki na simu mkononi, roho inanisuta. Nilikuwa nimempa ile nusu ya habari inayonipendeza mimi.

Basi leo naitoa yote.

Mgonjwa wa kwanza wa corona nchini alitangazwa Machi 16, 2020, na alipatikana hapahapa Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30. Shuleni kwangu, nayo ya Montessori, nilikuwa na watoto 64 wa miaka mitatu hadi sita, walimu sita, mpishi, mlinzi, na nyumba ya kupanga mtaa wa Sakina. Nikawaambia walimu tutumie huo mwezi kupaka rangi rafu. Rafu tulizipaka, rangi ikakauka, tukazipaka tena. Shule zilikuja kufunguliwa Juni 29.

Mji wetu unakula utalii. Wazazi wangu wengi ni madereva wa safari, wapishi wa kambini, wapagazi wa Meru na Kilimanjaro, kina mama wauza shanga na vinyago. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, ingawa wageni walishaanza kughairi mapema zaidi. Baba mmoja dereva alikuja mwenyewe hadi getini kunionyesha kalenda yake, nisije nikadhani ananikwepa. Juni hadi Septemba alikuwa na safari kumi na moja. Zote alizipiga mstari kwa kalamu nyekundu, na kwa rula. Ile rula ndiyo iliyoniuma.

Mwezi Mei Rais Magufuli aliomba Watanzania watumie siku tatu, tarehe 22 hadi 24, kumshukuru Mungu. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nikakaa usiku kucha naandika barua ya shukrani kwa walimu, yenye nembo ya shule, mhuri, mstari wa Zaburi, na maua pembeni. Nikawasifu uvumilivu wao. Sikugusa neno mshahara. Aprili niliwalipa nusu bila kumwita hata mmoja tukazungumza; walijua kwa ujumbe wa simu pesa ilipoingia. Na Mei nilishapanga moyoni kuwalipa robo.

Saa mbili asubuhi mwalimu wa darasa kubwa akanijibu: "Barua nzuri sana, Madam. Nitampelekea mwenye nyumba wangu naye aisome."

Nilikasirika jamani. Mimi mwenyewe sikuwa nimejilipa tangu Machi, nimeuza jokofu langu la nyumbani ili mlinzi apate chake, halafu mtu niliyempeleka chuoni kusomea Montessori ananijibu hivyo? Nilinuna siku nne. Mume wangu ndiye aliyeniuliza, kwa upole wake ule unaoudhi, kama hiyo barua mimi ningepelekewa ningeifanyia nini.

Siku ya tano nikawaita wote. Tulikaa kwenye viti vya watoto, magoti yanagusa kidevu, kila mmoja mita moja na mwenzake, barakoa za kitenge usoni. Nikafungua daftari la mapato, nikalisoma kwa sauti. Shule ina shilingi 2,140,000. Pango ni 700,000 kwa mwezi na mwenye nyumba amekataa kupunguza. Wazazi 41 hawajalipa muhula. Nilikuwa sijawahi kumsomea mtu yeyote daftari lile, na sauti ilinikwama nilipofika kwenye jina langu mwenyewe, mahali nilipojikopesha Januari.

Kimya. Kisha mpishi akauliza swali ambalo sisi wenye vyeti halikutujia: "Na ule unga wa uji stoo je?"

Ulikuwepo, kilo 90, unasubiri wadudu. Tukaupima siku hiyohiyo, tukagawana. Mishahara iliyobaki tukaiandika kama deni, kila mtu na kiasi chake, sahihi yake na yangu. Hapo ndipo nilipowashukuru, mmoja mmoja, kila mtu kwa jambo moja nililoliona kwa macho. Mlinzi nilimshukuru kwa kumwagilia mchicha wa watoto wiki tisa bila kuagizwa. Aliinamisha kichwa. Kumbe hakuna aliyekuwa amemwambia asante.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, mdogo wangu wa Kagera: fungua daftari kabla ya kufungua mdomo.

Baada ya hapo nikawageukia wazazi. Kila Ijumaa nilipiga simu tatu, na sikutaja ada. Nilitaja kitu. "Mama, nilipenda ulivyomwacha mwanao afunge vifungo mwenyewe siku ile ya mvua, mkachelewa." Wengine walinyamaza wakisubiri nifike kwenye deni. Sikufika. Wengi walilitaja wao. Mpagazi mmoja alileta gunia la viazi, mama mwingine maziwa lita tatu kila Jumatatu. Tuliviandika kwa bei ya sokoni, na ada ikapungua kwa kiasi hicho. Usimpigie mtu simu ya asante halafu ukamalizia na bili, anaisikia bili peke yake.

Kundi letu la WhatsApp, hilo nalo lilikuwa darasa. Mzazi mmoja, mwenye gari zuri kuliko wote, aliandika: "Kwani Montessori si wanacheza tu? Tulipie nini?" Vidole gumba vinane vikamuunga mkono. Nimesamehe, lakini nakumbuka ni vinane.

Walimu walimjibu kwa kazi. Kila asubuhi walituma sauti ya dakika moja tu, maana bando ni pesa, wakiwapa watoto kazi ya siku: chambua maharage kwenye trei, mazuri kulia, mabovu kushoto, kunja kanga ya mama mara nne, pembe kwa pembe, mimina maji kutoka jagi dogo hadi kikombe, lililomwagika lifute mwenyewe. Huku ndiko kucheza kwetu. Maria Montessori alikuwa daktari, na nyumba yake ya kwanza ya watoto aliifungua Roma, mtaa wa San Lorenzo, mwaka 1907, kwa watoto wa vibarua. Alianza nao hivihivi, kwa kunawa, kufuta, kupanga.

Kunawa mikono kwetu ni somo lenye hatua zake. Unakunja mikono ya shati, unamimina maji kwenye beseni, sabuni, kiganja, mgongo wa mkono, kidole kimoja kimoja, kucha, unasuuza, unakausha, unamwaga maji machafu, unafuta beseni kwa ajili ya atakayefuata. Mtoto wa miaka minne hulirudia mara tano kwa raha zake. Serikali ilipohimiza ndoo za koki na vibuyu chirizi kila mlango, watoto wetu walikuwa wameshahitimu. Mama mmoja alinitumia video ya mwanawe akimrudisha babu yake kwenye ndoo kwa sababu karuka kidole gumba. Babu mzee wa Kimeru, fimbo kwapani, ananawa upya. Video hiyo niliiweka kwenye kundi bila maneno. Yule wa gari zuri akalipa nusu muhula.

Tulipofungua tena, tatizo lilikuwa vifaa. Darasa la Montessori lina kila kifaa kimoja tu, makusudi, ili mtoto ajifunze kusubiri zamu. Mnara wa waridi, ile michemraba ya mbao ya kupanga mmoja juu ya mwingine, ni mmoja, vipande kumi, na siku nzima unapita mikono ishirini. Nikaamuru kila kitu kioshwe kwa sabuni kila jioni. Ndani ya wiki, vile vipande vya mbao vyenye vishikio vikavimba visiingie kwenye matundu yake, na herufi za msasa, zile za kupapasa kwa kidole, zikaanza kubanduka: "m" ikapoteza mguu. Mwalimu mmoja alikuwa ameniambia tangu siku ya kwanza tufute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na tuanike juani. Sikumsikiliza. Kifaa kile cha matundu nilinunua kingine kwa pesa ambayo ingekuwa mshahara wa mtu.

Watoto 53 walirudi kati ya 64. Najivunia namba hiyo, sifichi.

Lakini sikilizeni, viongozi wenzangu. Shukrani ina mahali isipoingia. Februari 2021, wakati ule wa misiba mfululizo tuliyokuwa tukiita "changamoto ya upumuaji", mtoto wetu mmoja alifiwa na bibi aliyekuwa akimleta shule kila siku. Wiki iliyofuata, kwenye duara la asubuhi, nikawauliza watoto kama kawaida: leo tunashukuru nini? Akasema, "Mimi sitaki." Nikamsihi. Nilimsihi mbele ya wenzake, mtoto wa miaka mitano. Mwalimu wake akamshika mkono, wakatoka kumwagilia mchicha. Tangu siku hiyo swali hilo siliulizi kwa zamu, anayetaka anasema. Msiwalazimishe watu kushukuru. Msilazimishe walimu, msilazimishe wazazi, na watoto ndio kabisa. Anza wewe, taja jambo lenyewe, lipa unachoweza, andika usichoweza. Nalirudia kwa sababu najua mtaruka hapa.

Yule mwalimu wa barua hakurudi tulipofungua. Alianza kukaanga vitumbua karibu na stendi, sasa ana kituo chake cha watoto wadogo, na huwa anaazima trei zangu. Juzi nilimpigia kumwomba ruhusa ya kusimulia haya.

"Andika tu, Madam," akasema. "Ila weka na kiasi."

Nusu ya mshahara wa Aprili, robo tatu ya Mei. Nilimaliza kumlipa Novemba 2021.

"Desemba," akanisahihisha.