Mikro inapopiga larsen kanisani

SWALI: Mimi ni mwimbishaji wa kwaya katika kanisa moja la Kadutu, Bukavu, lenye paa la mabati na kuta za saruji. Kila mara mchungaji anaposhuka madhabahuni, mikro hupiga larsen, ule mlio mkali wa spika, hadi watoto huziba masikio. Kijana wetu wa sauti huvuta chini vitelezi vyote vya upande wa kulia wa ikwalaiza, kifaa cha kupandisha na kushusha sauti nzito na nyembamba kila moja peke yake. Mlio hukoma, lakini mahubiri husikika kana kwamba yanatoka ndani ya mtungi. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu mwimbishaji, larsen, iliyopata jina kwa mwanafizikia wa Denmark Søren Larsen (1871–1957), hutokea pale sauti ya spika inaporudi kwenye mikro, ikakuzwa na amplifaya, ikatoka na kurudi tena ikiwa na nguvu ileile au zaidi. Huanzia kwenye masafa (kasi za mtetemo wa sauti) yale machache ambayo ukumbi na spika huyakuza kuliko mengine, ndiyo maana husikika kama filimbi ya noti moja. Kuvuta vitelezi kumi kwa kosa la kimoja ni kuadhibu ukoo mzima.

Tazameni kwanza spika zilipo. Naona mchungaji akishuka anapita mbele ya spika hizo. Zisogezeni ziwe mbele ya mahali anapofikia, kwa kuwa kumzuia asishuke hamtaweza. Mikro ikisogezwa kutoka sentimita 20 hadi 10 za mdomo, mnapata takriban desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 6 za bure. Mchungaji asifumbate kichwa cha mikro kwa kiganja, kwani mikro nyingi za mkononi zimeundwa zisisikie vizuri kwa nyuma, na kiganja huiondoa kinga hiyo.

Ndipo ije ikwalaiza. Jumamosi, kanisa likiwa tupu, pandisheni sauti polepole hadi mlio uanze, kisha mrudi nyuma kidogo. Kwenye ikwalaiza ya vitelezi 31 kila kimoja hushika theluthi ya oktava, yaani ya hatua kutoka noti moja hadi ile yenye masafa maradufu. Filimbi kali itafuteni kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 na 4,000, mvumo mzito kati ya 200 na 500. Shusheni kitelezi husika desibeli 3, na mlio ukirudi palepale, 6. Mkifika cha tano, simameni: kuanzia hapo mnapunguza sauti nzima tu.

Mikro za kwaya zisizotumika zizimwe, maana kila idadi ya mikro zilizo wazi inapoongezeka maradufu, mnapoteza desibeli 3 za sauti mnayoweza kutoa kabla mlio haujaanza. Jumapili, waumini wakijaa, nguo na miili yao itanyonya sehemu ya mwangwi, hivyo mtakuwa na nafasi ya kupandisha sauti kubwa kidogo kuliko mliyoipima Jumamosi.